Mishono Saba kwenye Kiota

Jina la Mama Pindo hakupewa na wazazi wake. Lilitoka mtaani, na mwenyewe alilitolea jasho. Ilikuwa vigumu kupita mbele ya kibaraza chake na suruali iliyoachia uzi ukafika salama uendako. Angekuita, angekukalisha kwenye kiti cha plastiki, angekushika kifundo cha mguu kama mtu anayekagua mbuzi wa kununua, na kabla hujamaliza kumweleza kwamba una haraka, pindo la suruali lingekuwa limeshafumuliwa na kushonwa upya. Hakuomba ruhusa. Ukimshukuru alikunja uso, usipomshukuru alikunja uso vilevile. Alisema kitu kilichoshonwa vibaya kinamuuma mwilini, na waliomfahamu hawakuona sababu ya kubisha.

Kazi yake hasa ilikuwa nguo za watoto wachanga. Chumba cha mbele cha nyumba yake kilikuwa na meza ya kukatia, cherehani nyeusi ya mguu aliyokuwa nayo tangu usichana, na mashine ya ovaloki, ile ya nyuzi nne inayofunga ukingo wa kitambaa usifumuke. Ovaloki aliipenda kupita kiasi. Hata matambara ya kufutia vumbi nyumbani kwake yalikuwa yamefungwa kingo kwa uzi mweupe wa nailoni, yakakaa nadhifu kuliko mashati ya watu wengi.

Katika juma moja, mambo mawili yalimwingilia. Mkwe wake alijifungua mtoto wa kiume, na ndege akaja kujenga kibarazani.

Tuanze na mtoto, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na kelele zaidi. Mama Pindo alimpa jina la Bwana Mkubwa siku ile ile alipoletwa nyumbani, maana kila mtu alisimama alipolia. Baba yake, mtoto pekee wa Mama Pindo, alikuwa fundi umeme, tena mbali, akivuta nyaya katika jengo ambalo kila wiki lilikuwa limebakiza wiki moja kukamilika. Waliobaki nyumbani walikuwa wanawake wawili na huyo bwana. Mkwe alikuwa karani katika ofisi ya bima, sasa yuko likizo ya uzazi. Sauti yake ilikuwa ya upole na msimamo wake wa chuma. Hajawahi kumjibu mama mkwe vibaya, na hajawahi kumfuata pia.

Kabla ya mtoto kuzaliwa, Mama Pindo alikuwa amemshonea suti ya kulalia. Ilikuwa ya kipande kimoja, rangi ya maziwa, ya kitambaa laini cha fulana kinachovutika, na miguu yake imezibwa mwishoni ili vidole visipate baridi. Katikati ya mapaja alitia vifungo vya kubana, ubunifu wake mwenyewe, ili mtoto abadilishwe nepi bila kuvuliwa miguu. Kitambaa cha fulana hakifumuki kikikatwa; hujikunja tu ukingoni. Hilo Mama Pindo alilijua vizuri kuliko mtu yeyote mtaani. Hata hivyo alizifunga kingo zote kwa ovaloki, nje na ndani, mpaka kwenye vidole.

Mkwe aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka chini kabisa kwenye droo.

"Ni kubwa kidogo, mama," alisema. "Akikua atavaa."

Bwana Mkubwa akavalishwa nguo za dukani, zenye kola zilizokaa upande. Mama Pindo aliziona kila asubuhi zikining'inia kwenye kamba, na kila asubuhi alimeza mate. Alichotaka kilikuwa kimoja tu: kumwona mjukuu wake amevaa kazi ya mkono wake, tena amevalishwa na mama yake kwa hiari, bila kuombwa. Hakulisema hilo kwa mtu yeyote. Aligeuza kiti cha cherehani kikatazama kibaraza badala ya kamba ya nguo, na hivyo ndivyo alivyomwona ndege.

Alikuwa chozi jike, yule ndege mdogo kama kidole gumba, mwenye mdomo mrefu uliopinda, anayenyonya maua. Dume lake lilikuwa linang'aa kijani na zambarau. Yeye mwenyewe alikuwa na rangi ya vumbi. Kibarazani palikuwa na kulabu ya taa iliyoharibika siku nyingi (mtoto wa mwenye nyumba ni fundi umeme, ndiyo maana) na kwenye kulabu hiyo chozi akaanza kubandika utando wa buibui.

Mama Pindo aliacha kukanyaga cherehani.

"Anaanzia juu!" alimwambia Mwalimu, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki akingoja suruali yake, ambayo hakuwa ameileta kushonwa bali ameivaa. "Nani anaanza nguo kwa kola, akaacha mwili uning'inie?"

Mwalimu aliishi nyumba inayotazamana na hiyo. Alikuwa amefundisha baiolojia miaka thelathini, akastaafu kazi lakini si mazungumzo. Alikuja na darubini yake shingoni na daftari kwapani, na kila maelezo aliyamaliza kama vile mbele yake kuna madawati.

"Ananing'iniza kwa sababu nyoka na paka hawawezi kushuka kwenye uzi," alisema. "Halafu hapo kati atatoboa mlango, pembeni, na juu ya mlango ataweka kibaraza kama hiki chako, mvua isiingie. Kuna swali?"

"Mumewe anafanya nini?"

"Anaimba."

"Marehemu wangu naye alikuwa mwimbaji," alisema Mama Pindo, akamfumua Mwalimu pindo.

Kwa siku tisa ndege alikwenda na kurudi. Alileta nyasi kavu, vipande vya magome, majani yaliyooza, karatasi ya peremende, na kinyesi cha viwavi. Vyote alivibandika kwa utando wa buibui, akiubonyeza kwa kifua na kuuzungusha kwa mdomo. Chini ya kiota aliacha mkia mrefu wa takataka uning'inie hovyo. Mama Pindo aliuangalia mkia huo hadi macho yakamuuma.

"Hapo kashindwa kumalizia," alisema.

"Hapo ndipo alipomaliza. Anataka kionekane uchafu uliokwama kwenye utando. Nani atakula uchafu?"

Mwishoni ndege aliingia chumbani kabisa, akapita juu ya cherehani na kuchomoa sufi kutoka kwenye kifuko cha Mama Pindo cha kuchomekea sindano, kilichokuwa kimepasuka ubavuni. Akaondoka na kishungi cha sufi kikubwa kuliko kichwa chake. Alirudi mara sita. Mama Pindo hakumfukuza, tena alikipanua kidogo kipasuko kwa mkasi.

"Hayo ni ya ndani," Mwalimu alieleza. "Anaatamia peke yake. Akitoka kwenda kula, mayai hayana mtu wa kuyafunika, kwa hiyo sufi ndiyo inayotunza joto mpaka arudi. Nje uchafu, ndani godoro."

"Na huo utando? Mvua moja tu, kwisha habari."

"Utando wa buibui una nguvu, Mama Pindo, na una jambo jingine zuri zaidi. Unavutika. Humo ndani atakuwa na makinda mawili yasiyozidi harage, na baada ya wiki mbili yatakuwa makubwa kama mama yao, yanasukumana. Ukuta unayapisha. Nyumba inakua pamoja nayo. Kuna swali?"

Mama Pindo alifikiri kidogo. "Kwa hiyo hakuna mshono hata mmoja."

"Hata mmoja."

"Ndiyo maana sina raha nacho," alisema.

Mwalimu akasafiri kwenda kumtembelea binti yake, akakaa huko zaidi ya wiki tatu. Angekuwepo, pengine hadithi hii isingekuwa na la kusimulia.

Upepo ulivuma siku mbili mfululizo. Mayai yalikuwa yameshatagwa. Mama Pindo alijua, kwa sababu ndege sasa alikaa ndani, mdomo wake umechungulia mlangoni kama sindano iliyochomekwa. Kiota kiliyumba. Kilipigwa ukutani, kikazunguka, kikapigwa tena. Mtu mwingine angefunga dirisha. Mama Pindo alisubiri ndege atoke kutafuta chakula, akapanda kwenye stuli akiwa na sindano ndefu na uzi wa nailoni mweupe, akakishona kiota kwenye kulabu.

Alipiga mishono mitatu juu. Halafu, kwa kuwa alikuwa ameshapanda, akaona kiuno cha kiota kimelegea, akakizungushia minne mingine kukikaza. Jumla saba. Sindano ilipita kwenye ukuta ikatokea ndani, ikarudi, bila kugusa yai. Ulikuwa mshono safi sana. Akakata uzi kwa meno, akashuka.

Ndege aliporudi hakuingia. Alitua kwenye kamba, akatazama kwa jicho moja, akatazama kwa jingine, akaruka, akarudi. Ilipita sehemu kubwa ya asubuhi. Mama Pindo alikaa nyuma ya cherehani bila kushona chochote. Mwishowe ndege akaingia.

"Kakubali," Mama Pindo alimtangazia mkwe, aliyekuwa anapita na Bwana Mkubwa begani. "Nimemkazia nyumba yake, na kakubali."

Mkwe akainua macho kwenye kulabu. "Kwani alikuwa amekuomba, mama?"

Hakusema kwa ubaya. Aliuliza tu, kama karani anavyouliza fomu iko wapi, akaendelea na safari yake ya jikoni. Lakini swali lile lilimfuata Mama Pindo hadi jioni.

Mayai yakaanguliwa. Makinda yalikuwa mawili, kama alivyotabiri Mwalimu, na baada ya siku chache midomo yao ya njano ilionekana mlangoni kila mama yao alipotua. Yalilia wakati wote. Yalilia mama akija, yakalia akiondoka. Kiota nacho kikaanza kujaa. Kilivimba juu, kikavimba chini, na katikati kikabaki pale pale, kama mtu mnene aliyefungwa mkanda wa mtoto wake. Mama Pindo aliona. Alijiambia kwamba sasa angalau kina umbo.

Bwana Mkubwa naye alikuwa ananenepa. Alipotimiza wiki sita, nguo za dukani zilianza kugoma mabegani, na alasiri moja mkwe akaingia chumba cha mbele akiwa amempakata. Mtoto alikuwa amevaa suti ya rangi ya maziwa.

"Imemkaa, mama," alisema.

"Naona," alisema Mama Pindo, akageukia cherehani haraka.

Alifurahi hata akashona mkono wa gauni la mteja kwenye mgongo. Alilifumua, akalishona upya, akakosea tena mahali pale pale. Hakujali. Bwana Mkubwa alilala na suti hiyo usiku kucha, akabadilishwa nepi kwa vifungo vile vya kubana, na miguu yake haikutolewa, maana suti ilishonwa makusudi isihitaji.

Asubuhi alianza kulia.

Mwanzoni hakuna aliyeshtuka. Kulia ndiyo iliyokuwa kazi yake. Mkwe akamnyonyesha, akanyonya kidogo akaacha, akalia. Akambadilisha nepi. Akampima joto, hana homa. Akamtembeza kutoka mlango hadi dirisha na kutoka dirisha hadi mlango. Kilio hakikuwa cha kawaida. Kilipanda mpaka juu, kikakatika kwa kukosa pumzi, kikaanza tena.

"Ni tumbo," alisema Mama Pindo akiwa mlangoni. "Mlaze kifudifudi."

"Nimemlaza, mama."

"Basi msugue mgongo."

"Nimemsugua." Sauti ya mkwe ilikuwa imeanza kupasuka. "Sijui anataka nini. Sijui."

Wakati huo ndipo mtu alipobisha kibarazani. Alikuwa Mwalimu, amerudi jana yake, darubini shingoni, na uso wake haukuwa wa kutania.

"Mama Pindo, lete mkasi mdogo. Na stuli."

Kinda moja lilikuwa limeshatoka. Lilikaa kwenye kamba ya nguo, limejivimbisha manyoya, linashangaa dunia. Jingine lilikuwa linaning'inia nje ya mlango wa kiota, kichwa chini, limeshikwa mguu mmoja, linapiga mabawa. Lilipiga, likatulia, likapiga tena. Mama yao alikuwa anaruka huku na huko akitoa sauti ya kukwaruza.

Mwalimu alipanda, akalikinga kinda kwa kiganja. "Kata hapo," alisema. Mama Pindo akanyoosha mkono, akakata. Mwalimu akashuka na kinda mkononi, akavaa miwani. Uzi mweupe wa nailoni ulikuwa umezunguka mguu mara mbili, na kutoka hapo kwenda chini, mguu ulikuwa mweusi na mkavu kama unyasi ulioungua.

"Huu haukukazwa leo," alisema polepole. "Uzi haukukazwa na mtu hata kidogo. Aliutia mguu humo akiwa mdogo, ukawa umelegea tu. Mguu ndio ulionenepa ndani yake. Utando ungevutika. Huu hauvutiki." Akamtazama Mama Pindo, akatazama kulabu, akaiona mishono. Hakuuliza swali. "Maskini, atakuwa amelia kwa maumivu siku nyingi. Lakini nani angejua? Makinda yote yanalia."

Kutoka chumba cha nyuma kilio cha Bwana Mkubwa kilipanda, kikakatika.

Mama Pindo alisimama na mkasi mkononi. Aliuangalia mkasi, akaangalia mlango. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ushonaji alijua kosa lake lilipo kabla hajageuza nguo kuitazama ndani.

Aliingia bila kuvua viatu.

"Mtoe miguu," alisema.

"Mama, nimetoka kumbadilisha sasa hivi..."

"Mtoe miguu, mwanangu!"

Mkwe hakuwa amewahi kuisikia sauti hiyo. Akamlaza mtoto kitandani, akavuta suti. Mguu wa kushoto ukatoka, mzuri, vidole vitano vinachezacheza. Mguu wa kulia ulipotoka, mtoto akapiga ukelele. Kidole cha katikati kilikuwa kimevimba, kimeiva, rangi ya zambarau. Kwenye shina lake palikuwa na mfuo mwembamba ulioingia nyamani kama alama ya pete.

Mkwe aliziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Mshike goti," alisema Mama Pindo. "Lishike kabisa, asitikisike."

Alichomoa sindano kwenye kifua cha gauni lake, akaigeuza, akatanguliza upande wa tundu, ule butu. Miaka yote alikuwa amefumua mishono ya watu hivyo: unaupenyeza, unauinua uzi kidogo, unakata. Uzi ukainuka, mwembamba kama unywele. Mkasi ukaukata. Kipande kikatoka, akakifumba kiganjani. Chini yake palikuwa na mzunguko mwingine, na huo ulikuwa umezama mno, ngozi imeumeza.

"Huu siuwezi," alisema. "Twende hospitali. Mwalimu! Gari!"

Gari la Mwalimu lilikuwa na umri wa kustaafu kama yeye, lakini siku hiyo liliwaka mara moja. Njiani hakuna aliyezungumza isipokuwa Bwana Mkubwa. Hospitalini walipokewa na daktari msichana, mfupi, asiyepoteza maneno. Alivaa miwani ya kukuzia, akamchoma mtoto sindano ya ganzi, akainama juu ya kidole kile kwa muda ambao Mama Pindo aliuhesabu kwa mapigo ya moyo wake mwenyewe. Kisha akatupa kitu kidogo, chenye damu, kwenye kisahani cha chuma.

Kidole kilibaki zambarau. Halafu, kuanzia kwenye shina, rangi ikaanza kubadilika. Ikawa nyekundu. Bwana Mkubwa akapumua kwa kwikwi, akatulia, akalala papo hapo kama taa iliyozimwa.

"Kidole kitapona," alisema daktari. "Mngekuja jioni nisingekuambieni hivyo. Nani alikumbuka kuangalia vidole?"

"Mama," alisema mkwe. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na alimtazama Mama Pindo kama ambavyo hajawahi kumtazama. "Mama ndiye aliyejua. Asante, mama. Mimi nilikuwa natazama tumbo tu."

"Usijilaumu sana," daktari alisema huku akinawa mikono. "Mara nyingi huwa ni unywele wa mama mzazi. Ukishajifungua nywele zinakatika sana, unaanguka mmoja ndani ya soksi, unajizungusha kidoleni. Uzisuke vizuri nywele zako, na ugeuze nguo ndani nje kila unapomvalisha. Basi."

Mkwe alishika nywele zake. Alizishika kama kitu alichokutwa nacho. "Nywele zangu," alisema. "Ni mimi, basi. Nusura nimkate kidole mtoto wangu mwenyewe."

Kiganja cha Mama Pindo kilikuwa bado kimefumbwa. Hakuna aliyejua kilichokuwa ndani yake. Daktari alikuwa ameshapokea faili la mtoto mwingine, na kile cha kwenye kisahani kilikuwa kimefunikwa na damu, kinaweza kuwa chochote. Mkwe alikuwa ametoka kumwita mama kwa sauti aliyoingoja miaka mitatu. Kukaa kimya kungekuwa rahisi, na kwa kweli alikaa kimya, kwa muda wa kutosha kumwona yule binti akivuta unywele mmoja kutoka kichwani mwake na kuutazama kwa chuki.

"Si nywele," alisema Mama Pindo.

Alifungua kiganja. "Ni uzi. Nailoni, wa ovaloki. Wangu. Kitambaa kile hakihitaji kufungwa ukingo, kila fundi anajua. Nilikifunga tu, kwa sababu siwezi kuacha kitu. Nimeua mguu wa kinda kwa uzi huu huu, na nimejua leo asubuhi." Akamsogezea mkwe kile kiganja. "Nywele zako hazina kosa."

Mkwe alitazama kiganja, akatazama uso. Akambeba mtoto wake, akatangulia kwenye gari. Angemtukana ingekuwa nafuu. Walirudi nyumbani hivyo hivyo, mtoto akikoroma katikati yao.

Kwa siku tatu mkwe hakukanyaga chumba cha mbele. Bwana Mkubwa alishinda amefungwa shuka, kidole kimefungwa bandeji, na simu ya baba yake kutoka mbali iliongelewa nyuma ya mlango uliofungwa. Mama Pindo aliamini watahama, wakaishi kwa mama mzazi wa mkwe, na hakuona la kujitetea. Wateja waliona ajabu: walipita na mapindo yamelegea, na hakuna aliyewaita. Kinda la mguu mmoja lilikufa siku ya pili, ndani ya sanduku la viatu, nyumbani kwa Mwalimu. Mwalimu mwenyewe alikuja kumwambia Mama Pindo, akasimama kidogo, akaenda zake.

Siku ya tatu chozi jike alirudi kwenye kulabu. Hakurudi kulala. Alikuwa anakibomoa kiota: alivuta utando, akavuta sufi, akabeba, akavuka barabara, akaenda kujenga upya kwenye kamba ya antena ya Mwalimu. Alichukua kila kitu kilichofaa. Kwenye kulabu ikabaki mishono saba, imara, safi, haijashika kitu.

Mama Pindo alikuwa bado anaitazama mishono hiyo mkwe alipoingia. Mtoto alikuwa mkono mmoja, na mkono mwingine suti ya rangi ya maziwa. Akaiweka juu ya meza ya kukatia.

"Ikate miguu, mama," alisema.

Mama Pindo aliinyoosha suti, akaigeuza ndani nje, akaishika ile miguu iliyozibwa, akaikata juu ya kifundo, wa kushoto kisha wa kulia. Vipande viwili vikaanguka sakafuni na ovaloki yake yote. Akafumua ukingo uliobaki, uzi kwa uzi, akapitisha kidole chake ndani hadi aliporidhika. Kisha mkono wake, kwa mazoea ya miaka arobaini, ukaenda kwenye kidonge cha uzi.

Ukasimama hapo. Akaurudisha mapajani.

Mkwe alikuwa anamtazama. "Hupigi pindo?"

"Hapana."

Wakamvalisha Bwana Mkubwa pale pale juu ya meza. Vidole kumi vikatokea nje, kimoja, bandeji imeshatolewa, bado chekundu. Mkwe akamwinua, akamweka mikononi mwa mama mkwe wake, akasema anakwenda kuoga, atachelewa kidogo. Hakuwa amewahi kumwachia. Mlango wa nyuma ukafungwa, maji yakaanza kumwagika. Pale alipokata, kitambaa kilikuwa kinajikunja chenyewe, upande huu juu, upande ule chini, kibaya cha kuumiza macho, na Mama Pindo akakiacha.